Tupeane uzoefu: mwili haujarudi tangu korona, na kila kipimo kinasema hasi

Mwanzisha mada, Kampala

Wengi wanaohusika hapa waliugua kwenye wimbi la Juni 2021, nchi ilipofungwa siku 42. Kupima kulikuwa ghali, mtu akabaki nyumbani akijifukiza mpaka homa ikashuka. Leo anachoka kwa kupanda ngazi, moyo unakwenda mbio akisimama, kichwa ni kizito, na hana karatasi hata moja ya kuonyesha aliugua nini. Akienda kupima anaambiwa hasi, basi nenda nyumbani.

Naomba tusisimuliane tulivyoteseka. Kila anayejua jambo alieleze kwa undani: kipimo gani, kinafanywaje, kiasi gani, na wapi watu wanakosea.

Fundi wa maabara, Entebbe

Kipimo cha PCR kinatafuta vinasaba vya kirusi puani siku ile ile unapopimwa. Hakikuulizi ya mwezi uliopita. Kipimo cha haraka ni dhaifu zaidi: baada ya siku ya saba ya dalili kinawakosa wengi. Kwa hiyo hasi ya leo haisemi lolote kuhusu ulichougua miezi sita nyuma.

Kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza kupigana na kirusi, nazo zisome kwa uangalifu. Kuna zinazolenga protini ya mwiba na zinazolenga protini ya ndani, inayoitwa N. Ukichanjwa AstraZeneca, Pfizer, Moderna au Johnson, ya mwiba itakuwa chanya hata kama hujawahi kuugua. Ya N ndiyo ingeonyesha maambukizi, isipokuwa ulichanjwa Sinovac au Sinopharm, maana hizo zina kirusi kizima kilichouawa. Tena N hushuka kadiri miezi inavyopita, na wapo walioambukizwa ambao haikupanda kabisa. Kabla ya kulipa, uliza maabara wanapima ipi kati ya hizo mbili. Wasipoweza kukujibu, baki na pesa yako.

Tabibu, Mbale

Naongezea hapo. Maelezo ya Shirika la Afya Duniani ya Oktoba 2021 kuhusu hali hii ya dalili zinazobaki baada ya korona hayadai cheti cha chanya. Yanasema mtu aliyethibitishwa *au anayedhaniwa* kuambukizwa, dalili zipo kwa kawaida miezi mitatu tangu kuugua, zimedumu angalau miezi miwili, na hakuna ugonjwa mwingine unaozieleza. Hicho kipande cha mwisho ndicho chenye kazi kubwa hapa kwetu, kwa sababu magonjwa mengine yanayofanana nayo tunayo tele na mengi yana dawa.

Nikipata mgonjwa wa namna hii naanza na haya: picha kamili ya damu, sukari kabla ya kula (7.0 mmol/L na zaidi, ikirudiwa siku nyingine na kubaki hapo, ni kisukari), VVU hata kama alipima mwaka jana, homoni ya tezi ya shingo, figo na ini, mkojo. Akikohoa wiki mbili, akitoka jasho usiku au akipungua uzito, makohozi yaende kwenye GeneXpert, mashine inayotafuta kifua kikuu, na kifua kipigwe picha. Kwa wafugaji wa Ankole, Karamoja na wanywaji wa maziwa mabichi, nauliza habari ya bruselosi: homa inayokuja na kuondoka, viungo na kiuno kuuma.

Malaria ndiyo inayotupoteza zaidi. Kipimo cha haraka cha malaria kinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, kwa sababu protini kinachoitafuta hukawia damuni. Mtu anameza dawa mara ya tatu, ya nne, uchovu uko pale pale. Ukiwa umetibiwa karibuni, omba kipimo cha darubini. Kipimo cha Widal cha taifodi nacho hubeba kumbukumbu ya zamani. Kisiwe sababu ya sindano za siku kumi.

Mwenye duka, Jinja

Daktari, watu wengi hununua deksamethasoni dukani wakisema inafungua kifua. Ina ubaya gani?

Tabibu, Mbale

Ndugu, tafadhali usiwauzie bila cheti. Ilisaidia wagonjwa waliohitaji oksijeni wodini, kwa siku chache. Kwa uchovu wa miezi inapandisha sukari na presha na kupunguza kinga, na kama kuna kifua kikuu kimejificha, kinapata nafasi ya kusambaa. Mtu hujisikia vizuri siku tatu, ndiyo maana anarudi kununua. Levofloksasini, dawa ya kuua bakteria, nayo hukitibu kifua kikuu nusu nusu, makohozi yakawa safi kwenye kipimo huku ugonjwa unaendelea.

Mtaalamu wa mazoezi tiba, Mbarara

Niseme juu ya kuchoka, maana hapa ndipo ushauri mzuri wa kawaida unapoumiza watu. "Jikaze, fanya mazoezi, jasho litoke." Kuna aina ya uchovu unaokuja kwa kuchelewa: leo umelima au umefua, unajisikia sawa, halafu baada ya saa 12 mpaka 72 unaanguka kitandani siku kadhaa, mwili unauma, kichwa hakifanyi kazi. Kwa kuwa unachelewa, mtu hauhusishi na kazi ile. Anasema malaria imerudi.

Kuutambua kunahitaji daftari. Mistari mitatu kila jioni kwa wiki mbili: kazi ulizofanya na dakika zake (kusoma, kikao na ugomvi pia ni kazi), usingizi, na hali yako kwa namba kuanzia 0 hadi 10. Kisha ukiona siku mbaya, soma siku mbili zilizotangulia. Mara nyingi jibu liko pale.

Ukishautambua, usiongeze mazoezi hatua kwa hatua. Kaa chini ya kiwango kinachokuangusha. Wengi hutumia mapigo ya moyo: 220 toa umri, zidisha kwa 0.6. Mwenye miaka 40 anapata 108. Hesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono sekunde 30, zidisha mara mbili. Ukipita hapo, kaa. Ni makadirio tu, na kwa anayetumia dawa za kupunguza mapigo, kama propranololi, namba hiyo haifai.

Nyumbani inakuwa hivi. Jerikeni ya lita 20 ni kilo 20. Beba ya lita 5, au mlipe kijana alete. Menya matoke umekaa, miguu umeinyoosha. Fua nguo chache kila siku, usingoje Jumamosi. Pumzika dakika 15 umelala, macho umefumba, simu mbali, *kabla* hujachoka. Na siku nzuri ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa sababu kila kilicholala nyuma unataka kukimaliza siku hiyo.

Muuguzi, Arua

Kwa wale ambao moyo unapiga mbio wakisimama, kuna kipimo kisichohitaji mashine kubwa. Fanya asubuhi, kabla ya chai, mtu awe karibu nawe. Lala chali dakika 10, andika mapigo na presha. Simama, egemea ukuta, visigino sentimita 15 kutoka ukutani, usiongee wala kuchezesha miguu. Pima kila dakika hadi ya 10. Mapigo yakipanda 30 au zaidi (40 kwa wenye miaka 12 hadi 19) na kubaki juu, huku presha haijashuka, mpelekee tabibu karatasi hiyo. Ukiona giza, simamisha, lala.

Kosa la kawaida ni kupima dakika mbili na kuacha. Wengine hupanda dakika ya saba.

Tabibu akithibitisha hali hiyo ya mapigo kupanda ukisimama: maji lita 2 hadi 3 kwa siku, nusu lita kabla hujatoka kitandani, chumvi kuongezwa kwa kipimo cha daktari, soksi za kubana zinazofika mapajani (za chini ya goti husaidia kidogo sana). Tumbo pia libanwe. Akina mama wetu wanajua kufunga tumbo kwa leso baada ya kujifungua, ni vile vile. Mwenye presha ya juu, figo au moyo mbovu asiguse ushauri wa chumvi.

Dada wa Kabale

Oksimita yangu, kile kifaa cha kidole cha kupima oksijeni, inasoma 95, nikiogopa inashuka 91. Niamini ipi?

Muuguzi, Arua

Dada, kaa dakika tano, mkono uwe na joto, kidole bila rangi wala hina, ngoja namba itulie dakika nzima. Kabale iko mita 2,000 hivi juu, kwa hiyo pointi moja au mbili chini ya pwani si ajabu. Ila ujue kwamba kwa ngozi nyeusi mashine hizi wakati mwingine husoma juu kuliko ukweli. Ikituama 92 au chini, au ikishuka pointi 3 baada ya kutembea kidogo, nenda hospitali. Kifua kuchoma ghafla, kukohoa damu, mguu mmoja kuvimba: usingoje asubuhi, huenda ni damu iliyoganda.

Afisa wa wafanyakazi, Kampala

Kwa walioajiriwa: Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mfanyakazi aliyemaliza angalau mwezi mmoja kazini mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Mwezi wa pili ukiisha bado mgonjwa, mwajiri anaweza kusitisha mkataba kwa kufuata masharti yake. Kwa hiyo msisubiri jina la ugonjwa. Barua ya daktari itaje unachoshindwa: hawezi kusimama zaidi ya dakika 20, anahitaji mapumziko mawili. Mwajiri anaweza kupanga zamu kwa barua kama hiyo. Kwa neno "uchovu" hawezi.

Fundi wa maabara, Entebbe

Na lile daftari la shule mnalonunua ili mwandikiwe matibabu kwenye kliniki za serikali, lisitupwe likijaa. Tabibu mpya akiona tarehe ya homa ya 2021, vipimo vilivyofuata na yale maelezo ya jioni, haanzi tena na malaria.

Dada wa Kabale

Asanteni. Na pua isiyonusa, kuna la kufanya?

Mtaalamu wa mazoezi tiba, Mbarara

Lipo: nusa karafuu, limau, majani ya mkaratusi, na waridi au kahawa. Kila moja sekunde 20, ukikumbuka harufu yake ya zamani, asubuhi na jioni, miezi mitatu bila kuruka. Badilisha viungo vikipoteza harufu. Na kwa kuwa hunusi, jiko la mkaa liwe nje, na gesi uifunge kwenye mtungi kila usiku.