Mjadala: Je, muuguzi anaruhusiwa kumfichia mgonjwa dawa kwenye chakula?

Hoja iliyo mezani: mgonjwa amekataa vidonge mara ya tatu leo. Ndugu zake wanaomba visagwe na kuchanganywa kwenye chakula bila yeye kujua. Muuguzi akubali?

Muuguzi, wodi ya wazee: Hapana. Mgonjwa anayekataa dawa anakuambia jambo, na ukimfichia hutalisikia. Chukulia furosemidi, ile ya kutoa maji mwilini, dozi ya pili ikipangwa saa mbili usiku. Mzee miguu imevimba, choo kiko mbali. Anajua ataamka mara tatu kukojoa, na akiinuka gizani ataanguka. Anakisukuma kidonge pembeni. Huyo hajachanganyikiwa hata kidogo, hesabu yake iko sawa kuliko ya chati. Zungumza na daktari, dozi isogezwe saa nane mchana. Mwingine kinywa kimekauka au kina vidonda, kidonge kinakwama kooni. Chungulia kinywa kwanza kabla hujaandika "amekataa".

Muuguzi, zamu ya usiku: Dada, kwa anayejielewa sina ubishi. Lakini tunao wenye ugonjwa wa kusahau na kifafa juu yake, wanatema kila kitu na hawajui wako wapi. Dozi za kifafa zikirukwa, degedege linaweza kuja na lisikatike. Hapo tutakuwa tumelinda haki gani? Haki ya kukataa ni ya mtu anayeelewa anachokikataa.

Muuguzi, wodi ya wazee: Ni kweli, ila kuelewa hakupimwi kwa jina la ugonjwa lililoandikwa kwenye faili. Tunaangalia mambo manne: anaelewa anachoelezwa, anakishika kichwani muda wa kutosha kuamua, anapima faida na hasara, na anaweza kutujulisha uamuzi wake, hata kwa kutikisa kichwa. Mwambie, "Nieleze kwa maneno yako dawa hii ni ya nini, na usipoinywa itakuwaje." Asiyejua leo ni siku gani anaweza kulijibu hilo vizuri kabisa. Na kama amechanganyikiwa tangu asubuhi tu, tafuta chanzo: oksijeni, sukari, joto, kibofu kilichojaa, maumivu. Kama dawa inaweza kusubiri, rudi baada ya nusu saa, au mwenzako ajaribu.

Mfamasia: Naona mnabishania ridhaa, wakati kinu chenyewe ni hatari. Kidonge cha mofini, dawa kali ya maumivu, cha kutoa dawa polepole kwa saa 12 ukikisaga, dozi yote inaingia kwa mkupuo, na pumzi ya mgonjwa inaweza kusimama. Vidonge vya presha vya namna hiyo hiyo huiangusha presha ghafla. Chembe za omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, zina ganda la kuzikinga na asidi ya tumbo, ukizisaga umelivunja. Siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, ndani ya maziwa hunaswa na kalsiamu, ikafyonzwa pungufu. Halafu mgonjwa akila nusu sahani, amepata miligramu ngapi? Hakuna anayejua. Kabla ya kusaga chochote niulizeni: dawa nyingi zipo pia za maji, au zina njia nyingine ya kuzitoa.

Muuguzi, zamu ya usiku: Basi nakubali, si kazi ya mtu mmoja na kinu. Kwa asiyeelewa kabisa, daktari, muuguzi, mfamasia na ndugu wakae. Waandike dawa zipi, ndani ya nini, na tarehe ya kuangalia upya. Zisizo na ulazima zifutwe hapo hapo. Swali langu bado: saa nane usiku, mpango haujaandikwa, dawa ni ya kifafa. Nisubiri asubuhi?

Muuguzi, wodi ya wazee: Usisubiri, na usifiche. Mpigie daktari wa zamu usiku huo huo, kwa sababu dawa ya kifafa, insulini na levodopa, ile ya ugonjwa wa Parkinson, haziachwi kirahisi, na baadhi ya dawa za kifafa zipo za mshipani. Kwenye chati weka alama ya kukataa, jina la dawa, dozi, saa, maneno yake mwenyewe, na nani amejulishwa. Nafasi ikibaki tupu, wa asubuhi atadhani dozi ilisahaulika, au atadhani ilitolewa bila sahihi.

Muuguzi, zamu ya usiku: Na daktari asipopokea simu?

Muuguzi, wodi ya wazee: Unampigia aliye juu yake, unaandika saa ya kila simu, na unakaa karibu na kitanda hicho, oksijeni na mashine ya kufyonza vikiwa tayari.