Milima ya Norwe inaota miti: tuiache, au mbuzi warudi?

MLETA MADA
Wakuu, habari za saa hizi. Niko Norwe mwaka wa sita sasa, si mbali na mji wa Røros, na kuna ubishi wa hapa umenishinda.

Mwezi wa nane mzee jirani yangu alinipandisha mlimani hadi kwenye seter ya bibi yake. Seter ni kambi ya kiangazi: zamani wanawake walipanda na ng'ombe na mbuzi, wakakamua na kupika jibini hukohuko hadi baridi irudi. Tulichokuta ni mawe ya msingi tu, na pale lilipokuwa jiko umesimama mbetula, ule mti wa gome jeupe, umeshapita urefu wa paa. Mzee akatoa picha ya zamani mfukoni. Mteremko uleule, mtupu kama upara, mbuzi wametapakaa. Nikageuka nilitazame bonde lenyewe. Halionekani, majani tu.

Karne ya 19 seter zilikuwa makumi ya maelfu. Leo zinazofanya kazi hazifiki elfu moja. Serikali inawapa ruzuku wanaoendelea, na Desemba 2024 UNESCO iliuingiza utamaduni huo, kwa Norwe na Uswidi pamoja, kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Swali: hela ya umma itumike kuzuia mlima usifunikwe na miti? Mimi na mzee tunasema ndiyo. Binti yake anasema hapana, na wamenuniana tangu siku ile.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mkuu, mimi niko na binti. Huo uwazi mnaoulilia uliletwa na shoka. Si umeitaja Røros mwenyewe? Mgodi wa shaba ulianza 1644 ukafungwa 1977, na ulipewa haki ya kutumia misitu kwenye duara lililofika kama kilomita 45 kila upande. Mwamba ulichomwa kwa magogo ili upasuke, halafu shaba ikayeyushwa kwa mkaa. Karne tatu za kukata! Chipukizi lililothubutu kutokeza, mbuzi akalimaliza. Sasa miti inarudi kwao, nyie mnataka kumfukuza mwenye nyumba kwa sababu mmezoea kulalia kitanda chake. Ruzuku ya jibini sawa, ila muiite ya jibini. Msiiite uhifadhi wa mazingira.

MCHANGIAJI WA PILI
Mbuzi, mbuzi, mbuzi. Joto je? Kwenye milima ya Uswidi, mtafiti Leif Kullman amefuatilia mwisho wa miti, yaani kimo ambacho juu yake miti haioti, kwa miongo mingi: tangu kama 1915, kuna sehemu umepanda hadi mita 200. Mbuzi warudi wasirudi, miti itapanda.

Na msidhani kila mti mpya ni neema kwa hewa. Theluji tupu hurudisha mwanga wa jua angani. Tawi jeusi likijitokeza juu yake, linabaki na joto. Tena huko Abisko, kaskazini ya Uswidi, watafiti walipima wakakuta ardhi ya vichaka vifupi ina kaboni nyingi kuliko msitu wa mbetula wa jirani, kwa sababu miti ikiingia, udongo unatoa akiba yake ya zamani.

MCHANGIAJI WA TATU
Joto lipo, lakini mdomo wa mnyama usiudharau. Utsjoki, Finland, katikati ya miaka ya 1960 viwavi walikula majani ya mbetula mpaka misitu mizima ikafa. Mashina yalijaribu kuchipua, wakaja kulungu wa kufugwa (wale wa kwenye kadi za Krismasi) wa Wasami, wenyeji wa asili wa huko kaskazini, wakala machipukizi. Kuna sehemu msitu haujarudi mpaka leo. Kabla hamjagawana mlima kati ya mbuzi na mbetula, Wasami wameulizwa? Kwao hayo ni malisho, si mandhari ya kupigia picha.

MLETA MADA
Hapo kwa Wasami umenibana, nakiri sikuwafikiria.

Lakini wa kwanza, huyo mwenye nyumba wako ni yupi? Kwenye vinamasi vya juu ya mwisho wa miti wa leo, huku Skandinavia, hutolewa magogo ya misonobari iliyoota maelfu ya miaka iliyopita, kulipokuwa na kiangazi chenye joto zaidi. Baridi ikaishusha kabla ya mgodi wowote. Turudi mwaka gani, basi? Hata Kilimanjaro kwetu moto umeuteremsha msitu wa juu, wakati huku miti inapanda. Kila mlima na kesi yake. Ndiyo maana naomba malisho machache tu yalipiwe, yale yenye maua ambayo kivuli kitayaua, kwingine kote miti ifunike.

Jumamosi mzee ananipitia na msumeno, tulifungue walau jiko la bibi. Binti amesema naye anakuja. Hajasema anakuja kusaidia au kuukumbatia mti.