Risasi za .303 za marehemu baba zimekaa stoo miaka mingi, zina hatari gani?

MwanaKilosa:
Wakuu, habari za jioni. Baba alifariki mwaka jana na sasa tunasafisha stoo yake. Bunduki yake ya .303 ilikuwa na leseni, polisi waliichukua baada ya msiba. Lakini chini ya magunia ya mbegu tumekuta sanduku la chuma lenye risasi alizokuwa akifukuzia nguruwe pori shambani. Stoo ni bati tupu, haina dari, na imepakana na zizi la mbuzi. Risasi nyingine zinang'aa, nyingine zina kutu ya kijani, na chache zina ufa mwembamba shingoni. Kitakoni zimeandikwa RG 52 na 7. Kaka yangu anataka tuzisugue kwa msasa, tuzipake mafuta, tuzitunze mpaka apate leseni yake. Mke wangu anaogopa yasije yakawa ya Mbagala, kule maghala ya mabomu yalipolipuka. Nina watoto wadogo hapa, naombeni ushauri.

Fundi_Mtutu:
Pole sana mkuu. 52 ni mwaka 1952, na RG ni kiwanda cha Radway Green cha Uingereza. Hiyo 7 isiyo na Z inaonyesha ndani kuna kodaiti, baruti ya vijiti vyembamba kama tambi.

Umri peke yake haukatai risasi. Ikikaa pakavu pasipo joto, inaweza kulia vizuri hata baada ya miaka hamsini. Za mzee zimekaa chini ya bati, na hapo ndipo penye shida. Baruti huoza polepole na kutoa gesi yenye tindikali. Kiwandani huwekewa kemikali ya kuizuia, lakini joto huimaliza mapema. Fataki, yaani kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, za zamani zenye zebaki nazo huchoka kwa joto. Mtu anavuta kifyatulio, kimya, anafungua bolti atazame, na risasi inalipuka wakati huo huo. Au inalia nusu, kichwa kinakwama ndani ya mtutu, na ya pili inaupasua mtutu.

Sasa huo ufa. Wala usimlaumu mzee, ni mbuzi. Mkojo wa mifugo hutoa amonia, na amonia hupasua shaba ya ganda. Jeshi la Uingereza liliyaona haya kule India karne ya 19: risasi zilizowekwa kwenye mazizi ya farasi wakati wa mvua zilikutwa zimepasuka, na maelezo kamili ya kitaalamu yalipatikana mwaka 1921. Ganda ndilo linaloziba gesi kwenye chemba, pale risasi inapokaa ndani ya bunduki. Likiwa na ufa, gesi ya moto inaweza kumrudia mpigaji usoni. Mwambie kaka msasa unapunguza unene wa ganda, na mafuta hupenya mpaka kwenye fataki. Hata zinazong'aa zimekaa kwenye joto lile lile, mimi nisingepiga hata moja.

Mama_Neema:
Kwetu mzee alipofariki tulizitumbukiza chooni usiku, hatukutaka maswali ya polisi. Fanyeni hivyo, mpumzike.

Askari_Mstaafu:
Mama Neema, samahani, hilo usimshauri mtu. Choo huja kuzibuliwa, na mtoto huokota. Msizichome wala msizifukie, na asitokee wa kufungua kichwa kwa koleo.

Mwanangu, leseni ni ya mtu, hairithiwi. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kukaa na risasi bila kibali ni kosa, na kadiri mnavyokaa nazo baada ya kuziona ndivyo maelezo yenu yanavyokuwa magumu. Funga stoo, sanduku libaki lilipo, usilipakie kwenye basi wala bodaboda. Nenda kituoni na msimamizi wa mirathi, cheti cha kifo na nakala ya leseni ya baba, mmwone mkuu wa kituo, waje wazichukue wenyewe. Dai hati ya makabidhiano yenye idadi.

Mkeo mtulize. Mbagala, tarehe 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto, tarehe 16 Februari 2011, yalikuwa maghala ya jeshi yenye mabomu makubwa. Risasi ikishika moto nje ya bunduki, ganda hupasuka na vipande kuruka. Havibomoi nyumba, ila vinatosha kumtoa mtoto jicho.

MwanaKilosa:
Ahsanteni sana. Mzee, kesho asubuhi tunakwenda kituoni, na kaka amekubali. Kuna pia maganda matupu, watoto walikuwa wanapulizia filimbi. Hayo nayo?

Fundi_Mtutu:
Angalia kitako. Fataki yenye alama ya kupigwa, na mdomo mtupu usio na kichwa, hilo limeshatumika. Fataki isiyo na alama inaweza kulipuka hata kama baruti imemwagika, hivyo yasipigwe nyundo. Yote yaende polisi pamoja na sanduku. Na kwa kuwa waliyaweka mdomoni, wapige mswaki na waoshe mikono vizuri kwa sabuni, masizi yale yanaweza kuwa na madini ya risasi (ledi) na zebaki.