Hii apu ya kurekodi njia za milimani imenidai hela nikiwa ndani ya ukungu wa mlima Lupanga, Morogoro. Wana laana gani hawa watu?

Tenga la Uluguru (mleta mada)

Wakuu, nimeshuka sasa hivi. Viatu vina matope mpaka kwenye kamba na sitaoga mpaka nimalize kuandika huu uzi.

Apu yenyewe mnaijua. Sina haja ya kuitaja, nusu yenu mnayo kwenye simu na kila Jumapili mnatubandikia statasi ya ule mstari wenu na kilometa zake.

Leo tumepanda Lupanga, mimi na binamu yangu. Kibali cha hifadhi nimelipa, maji tunayo, pawabenki ninayo. Tumepita mashamba ya migomba, tumevuka mpaka wa msitu, na mpaka hapo apu inaongea vizuri tu. Kila kilometa, mama wa Kizungu anatangaza mwendo wangu kutoka mfukoni kwa sauti ambayo mbega wa Uluguru wote wamehamia Mikumi.

Ukungu ukashuka. Wanaoijua Lupanga wanaelewa, ukungu ukishuka kule hata mwenzako aliye mbele unamjua kwa kukohoa. Tukafika mahali njia inagawanyika, moja inapanda kwenye mizizi, nyingine inazunguka kushoto. Nikasema hapa ndipo kazi ya simu. Nikaitoa. Kidoti cha bluu kipo, nikakigusa nikuze ramani.

Skrini ikawa nyeupe. Katikati wameandika kuwa ramani bila mtandao ni kwa wanachama waliolipia, chini yake kitufe: LIPIA SASA.

Nikasema sawa, hela si kitu, uhai kwanza. Nikabonyeza. Ikajibu: "Hakuna intaneti. Jaribu tena."

JARIBU TENA! Nijaribu tena wapi? Nimkabidhi nani? Nimlipe nyani halafu anipe risiti?

Nimebonyeza pale mpaka kidole kimeota sugu. Binamu anauliza "kushoto au kulia?", mimi namsomea: jaribu tena. Tukaenda kushoto. Kushoto ni korongo.

Aliyetutoa ni mama mmoja wa Kiluguru tuliyemkuta tulipoangukia pembeni mwa mashamba, upande ambao hatukuupandia. Kavaa kandambili, ana tenga la njegere kichwani, simu hana. "Shikamoo mama." "Marahaba wanangu, huko mlikotoka kuna nini? Huko hakupiti watu." Akatushusha bure. Hakuniambia nijaribu tena.

Nimefika barabarani, mtandao umerudi, simu ikatetemeka. Wamenitumia HONGERA. Na mstari wameuchora umenyooka kutoka ng'ambo moja ya korongo hadi nyingine, eti nimepita hewani. Kupanda wamehesabu mita nyingi kuliko Mlima Meru.

Lakini hayo nawasamehe. Ile "jaribu tena" sisamehe. Naomba kuwasilisha.

---

Kandambili Nne

Hapo kwa nyani kutoa risiti nimecheka mpaka wife kaja kuuliza naongea na nani. Pole sana mkuu.

---

Mzee wa Mindu

Vijana mna shida. Sisi Lupanga tulipanda na panga na kibuyu cha maji, tukirudi tunahesabiana kwa majina. Nyie mnaacha kuchukua mwongozaji, kijana wa pale pale aliyezaliwa chini ya ule mlima, mnakwenda na simu. Haya, simu imewaongoza.

---

Chai ya Rangi

Hii ni chai. Lupanga mtandao upo, mimi nimepiga simu nikiwa kileleni nikiangalia mji wote wa Morogoro.

---

Tenga la Uluguru

@Chai ya Rangi, KILELENI! Mimi sijafika kileleni! Ndiyo mada yenyewe hiyo! Nimekwama bondeni huku nikidaiwa hela!

---

Fundi Simu Msamvu

Mleta mada pole, ila tuelewane. GPS haihitaji intaneti hata chembe. Simu inapokea mawimbi ya setilaiti, ikizipata nne inajua ulipo na kimo chako. Ndiyo maana kidoti kilikuwa hai. Kilichokosekana ni mchoro wa ramani chini ya kidoti, huo unashushwa kwa bando, na hao jamaa kuuhifadhi kwenye simu ndiko wanakokuuzia. Zipo apu za bure zinazotumia OpenStreetMap, ramani ambayo watu wanaichora kwa kujitolea tangu 2004. Hata mitaa ya Dar inayojaa maji imechorwa humo na wanafunzi na wakazi wenyewe kupitia Ramani Huria. Unashusha Morogoro yako ukiwa na wifi, unapanda, basi.

Huo mstari ulionyooka ni simu yako. Android nyingi zinaua apu iliyo nyuma ili kuokoa chaji. Ingia mipangilio ya betri, iruhusu ifanye kazi bila kubanwa. Na kimo, GPS hukosea zaidi kwenye kimo kuliko mahali. Ukikaa chini unakula ndizi kidoti kinarukaruka, nayo inahesabu unapanda.

---

Tenga la Uluguru

Fundi nimekusoma yote, nakuheshimu. Nijibu moja tu. Jana usiku nikiwa sebuleni ramani ilifunguka, nikaikuza mpaka nikaona vijito. Haikudai hata shilingi. Sebuleni kwangu sihitaji ramani, njia ya chooni naijua! Leo nipo msituni, mita kama 1,900 kutoka usawa wa bahari, ukungu mpaka puani, na wao WANAJUA nilipo kwa sababu kidoti kipo, hapo ndipo wananyoosha mkono. Na nikisema chukua, hawawezi kupokea! Huyo ni mfanyabiashara au ni mchawi?

---

Kandambili Nne

Mchawi angepokea mkuu.

---

Binti Lushoto

Wewe umepotea siku moja, njoo uone yetu. Kuna mgeni mmoja alipotea huku Usambara, akakatiza katikati ya shamba la babu yangu. Alikuwa anarekodi. Alivyofika kwao akaupandisha ule mstari kwenye apu hiyo hiyo, akaupa nyota tano. Sasa shamba la babu ni "njia". Wanakuja na fimbo zao mbili mbili, wanakanyaga maharage, babu akiwauliza wanamgeuzia simu aone. Babu anasema, "Simu imewaruhusu, je, mwenye shamba?" Akafunga miti kuzuia. Wakaandika kwenye maoni kwamba kuna kizuizi, wapite pembeni. Pembeni ndiko kwenye karoti!

Nimejaza fomu yao kuomba waufute. Wamejibu asante kwa mchango wako. Mchango gani? Babu ndiye anayechanga, anachanga maharage.

---

Mzee wa Mindu

Mpe babu shikamoo yangu. Hapo ana hoja kuliko mleta mada.

---

Wa Ngong

Poleni majirani. Huku Ngong Hills hata app hauhitaji, vilima vyote viko mbele yako na mitambo ya upepo unaiona ukiwa mbali. Lakini kikundi chetu kimeharibika kabisa. Zamani tulikuwa tunatembea tukipiga stori, tunakaa chini, tunakula mayai. Siku hizi kila mtu anataka jina lake liwe juu kwa kasi. Watu wanapanda mbio, ukiwaita hawasikii, wako na vitu kwa masikio. Mwezi uliopita nilienda kuona mandhari ya Bonde la Ufa, nikarudi nimeona migongo tu. Na kuna mmoja, simu yake ilizima kilima cha mwisho, akarudi mpaka chini aanze upya! Eti isiporekodi haihesabiki.

---

Chai ya Rangi

Huyo wa kurudi chini naye ni chai.

---

Wa Ngong

Ni shemeji yangu, bwana. Sina sababu ya kumsingizia.

---

Boda wa Tegeta

Nyie mnalia na milima ya kwenda kutembea kwa hiari. Mimi ramani ndiyo ugali wangu. Jana abiria kaniita, pini yake iko baharini. BAHARINI. Nikaifuata mpaka ufukweni Kunduchi, nimesimama na wavuvi, dada anapiga simu, "Mbona huji? Nakuona umesimama." Nikamwambia dada yangu, wewe ndiye uje, labda una mtumbwi. Kumbe yuko ndani ya nyumba ya bati, GPS inayumba, yeye hataki kutoka nje kwa sababu ya jua.

---

Mama Wawili

Afadhali umelitaja. Nyie madereva mnapokubali safari mnapiga kwanza: "Unaenda wapi? Unalipa keshi?" Ukisema unalipa kwa simu, anakata. Ukisema Mbezi, anakata. Nimesimama na watoto kwenye mvua, ramani inaonyesha pikipiki nne zinazunguka kama nzi, hakuna hata moja inayokuja.

---

Boda wa Tegeta

Mama, kwa ile kamisheni wanayokata, ukilipa kwa simu mimi nabaki na nini? Mafuta nanunua kwa keshi.

---

Tenga la Uluguru

Wakuu, mada ni Lupanga. Nilikuwa nasubiri mtu anayejua namna ya kuwashitaki hawa watu. Ile skrini nimeipiga picha, ushahidi ninao.

---

Mama Wawili

Mafuta yako yananihusu nini na bei nimeiona kwenye simu? Halafu mkifika mnaongeza, eti njia ilikuwa mbali.

---

Boda wa Tegeta

Njia INAKUWA mbali. Ramani inasema pita hapa, hapa pana mtaro umechimbwa tangu masika. Nizunguke, nani analipa?

---

Fundi Simu Msamvu

Huo mtaro unaweza kuuchora mwenyewe kwenye OpenStreetMap, akaunti ni bure.

---

Boda wa Tegeta

Fundi, nichore mtaro saa ngapi na nina marejesho ya pikipiki Ijumaa?

---

Mama Wawili

Na chenji hamnaga.