Fedha za mikoko: tuhesabu miche au tufungue maji?

Mpwani
Miradi mingi ya kurejesha mikoko hulipwa kwa idadi ya miche iliyopandwa. Watafiti wa vyuo vikuu wanazidi kusema fedha zitumike kwanza kurudisha maji ya bahari mahali yalipozibwa, kisha mikoko iachwe ijiotee. Wapandaji hawakubali. Mimi nipo upande wa watafiti, na sababu yangu ni hesabu.

Ukipanda mita moja kwa mita moja, hekta moja inaingia miche 10,000. Punguza nafasi iwe nusu mita, hekta ileile inameza 40,000. Msitu haujaongezeka hata hatua moja, ila ripoti imenenepa mara nne. Tena anayelipwa kwa mche haendi kuhangaika kwenye uwanda wa chumvi ilikokufa mikandaa, jamii mojawapo ya mikoko. Anashuka kwenye tope laini la nje, au juu ya nyasi za bahari, ambako mkoko haukuwahi kuota. Ufilipino wamefanya hivyo miaka mingi kwa fedha nyingi, na kwa muda mrefu miche iliyopona ilikuwa asilimia 10 hadi 20 tu.

Kitalu
Ndugu Mpwani, umewataja wapandaji wabaya, wazuri umewaruka. Ghuba ya Gazi, Kwale nchini Kenya, ilikatwa mikoko miaka ya 1970 ikawa kuni za viwanda vya chokaa na matofali. Tatizo pale lilikuwa shoka, si tuta la kuziba maji. Sehemu zilizofyekwa kabisa zilibaki wazi mpaka upandaji ulipoanza mwaka 1991, na leo ni msitu. Pasipo miti mama karibu, utafungua maji yalete mbegu gani?

Kupanda kuna utaratibu wake. Mbegu ya mkoko wenyewe, ule wa mizizi iliyojipinda juu ya tope, huchumwa ikishatoa pete ya manjano shingoni. Isiyo na pete haijakomaa, na yenye tundu ina mdudu ndani, itupe. Inazamishwa thuluthi moja tu ya urefu wake. Ukiizidisha inaoza, ukiipunguza bamvua la kwanza, yaani maji makubwa ya mwezi, linaichukua. Kaa hupenda mbegu mbichi, kwa hiyo zinawekwa kivulini siku chache zinyauke kidogo kwanza. Mchu, aina nyingine ya mikoko, ni habari nyingine: mbegu zake hazikai, unaziloweka mpaka ganda livuke, unaziweka kwenye viriba upesi. Mlilana, aina ya tatu, ambao ndio hasa wa kupanda upande wa bahari, mbegu zake ni ndogo mno na kitaluni ni msumbufu. Ndiyo maana kila mradi unapanda mkoko hata pasipo pake. Hapo nakubaliana nawe.

Levo ya Maji
Bi Kitalu, kabla ya mbegu kuna swali moja: pale mahali maji yanafika mara ngapi kwa mwezi? Hakuna haja ya mashine ya gharama. Chukua mpira wa maji wa fundi ujenzi, ule unaoonyesha ndani, uujaze bila kuacha povu. Ncha moja iwe kwenye shina la mti hai wa aina unayoitaka, ncha nyingine mahali patupu, upime tofauti ya kimo. Sentimita 20 au 30 zinatosha kugeuza eneo la kufikiwa na maji kila siku likawa la kufikiwa wakati wa bamvua tu. Siku za maji mafu, maji yasipopanda sana, zikipita juani bila kuingia kitu, chumvi inapanda. Chimba shimo dogo, ngoja lijae, pima chumvi. Bahari ni kama 35 kwa elfu. Ukikuta zaidi ya 70, mkoko usahau, na hata mchu utadumaa.

Kisha tafuta kilichozuia. Mara nyingi ni barabara yenye kalvati moja nyembamba, au tuta la shamba la chumvi lililoachwa. Tuta linakatwa maji yakiwa yamepwa, pale mkondo wa zamani ulipopita, si pale trekta linapofika kirahisi. Anza na upana mdogo, bahari itapanua yenyewe. Ukichimba chini kuliko sakafu ya mkondo, eneo lote linakauka maji yakipwa: tope lililokuwa halina hewa linapata hewa, linaoza na kutitia. Umepoteza kaboni na kimo kwa pigo moja.

Ukishafungua, subiri misimu miwili ya mbegu kuanguka. Zisipofika, hapo mwite Bi Kitalu.

Kaskazini ya Delta
Mwalimu Levo, kwenye delta ya Rufiji utavunja tuta la nani? Kisheria mikoko yote ya Tanzania ni hifadhi ya serikali, ila shamba la mpunga lina mwenyewe, na baba yake alilima hapo. Mkulima anafyeka mikoko, anapata mpunga mzuri misimu ya mwanzo kwa sababu maji baridi ya mto yanasukuma chumvi. Baadaye magugu na kaa wanamshinda, anasogea kufyeka kwingine. Shamba lililoachwa maji linapata, na mbegu zinaelea mpaka pale. Hazioti kwa sababu magugu yamefunika tope. Dawa yake ni panga, na baada ya panga ni kupanda. Hakuna kalvati ya kufungua.

Na juu ya mto sasa kuna bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Tope lililokuwa likishuka kujenga delta sehemu yake inatua bwawani. Hilo mpira wa maji hauligusi.

Levo ya Maji
Kweli, na kuna kinyume chake pia. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha udongo mwingi kijito cha Mwache, Mombasa, mikoko ikafukiwa mizizi ya kupumulia ikafa. Pale kazi ilikuwa mashambani juu, si ufukweni.

Mpima Udongo
Wote mnazungumzia miti, na kaboni nyingi iko chini ya miti. Mikoko Pamoja, mradi wa jamii ya Gazi, ina hekta 117 na huuza hati za takriban tani 3,000 za kaboni dioksidi inayozuiwa na msitu kwa mwaka, na sehemu kubwa ya eneo hilo ni msitu wa asili unaolindwa usikatwe. Iliyopandwa ni kidogo. Anayesema miche ndiyo inayoleta fedha za kaboni asome hesabu hiyo tena.

Vipimo navyo vinaharibiwa kirahisi. Ukisukuma bomba la plastiki kwenye tope, tope linashindiliwa ndani na uzito wake kwa ujazo unapanda kwa uongo. Tumia kekee ya nusu bomba inayozunguka kukata pembeni, ileile iliyotumika kupima ardhi ya mboji ya Bonde la Kongo. Kausha nyuzi 60 mpaka uzito usibadilike, choma nyuzi 450. Vipande vya kombe viondolewe mapema, la sivyo vitapotosha hesabu ya kaboni. Kipenyo cha mkoko kipimwe sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa, maana ukienda na mita 1.3 ya miti mingine utajikuta unapima mizizi.

Mpwani
Basi tubadili malipo. Nusu siku ya kupanda, nusu baada ya miezi 12 kwa mti ulio hai.

Kitalu
Kina mama wanaochomeka miche matopeni hawawezi kusubiri miezi 12 kwa uamuzi uliofanywa na mtu mwingine. Eneo walichaguliwa, aina ya mti walichaguliwa, wao wakapewa magunia. Siku zao zilipwe zote. Nusu inayosubiri izuiwe kwa aliyetia saini ramani, akiwa mtafiti au shirika. Na asiyepima kimo na chumvi asiruhusiwe kutia saini.

Mpwani
Na hesabu ya mwaka mmoja atafanya nani? Maana leo aliyepanda ndiye anayejihesabia.

Kitalu
Kamati ya kijiji ifanye, na mtu mmoja wa chuo ambaye hakuwa kwenye mradi. Kila hekta wachukue viwanja vitano vya mita kumi kwa kumi, kwa kura, siku maji yamepwa. Wahesabu na iliyojiotea yenyewe, katika safu yake.