Naomba ushauri: mswada wangu ni tawasifu au riwaya?

Wakuu, habari zenu. Nina mswada unaohusu utoto wangu, nimekwama kwenye jalada: niandike tawasifu au riwaya?

Mambo yenyewe yalitokea kweli. Ila mhusika mkuu, yaani mimi, nimempa jina jingine, na shangazi zangu wawili nimewaunganisha wakawa mtu mmoja, maana waligombana na baba kwa mambo yaleyale na msomaji angechoka. Maneno ya usiku ule baba aliporudi akiwa amefukuzwa kazi nimeyatunga. Ninachokumbuka ni kijiko chake kikizunguka ndani ya kikombe kilichokwisha kuwa kitupu, basi.

Mhakiki wa fasihi Mfaransa, Philippe Lejeune, aliandika mwaka 1975 kwamba tawasifu ni mapatano na msomaji: mwandishi, msimulizi na mhusika mkuu wawe mtu mmoja, na jina la jaladani lithibitishe hivyo. Kwa kipimo hicho nimeshafeli. Lakini mchoraji wa Meksiko, Frida Kahlo, mwaka 1946 alijichora akiwa na mwili wa kulungu aliyechomwa mishale, na hakuna anayebisha kuwa yule ni yeye na maumivu yake. Mbona wachoraji wanaruhusiwa? (Wapo pia waandishi wanaojaza “mimi” kila mstari na hujui lolote juu yao ukimaliza.)

Mhariri anataka nirudishe majina halisi. Mama yu hai, shangazi mmoja pia.

Mliowahi kuandika habari za ndugu zenu, mliwaonyesha kabla ya kuchapa? Na huyu shangazi wa kuunganisha, nimtenganishe au nimwache alivyo?