Mjadala: Saa ya kifahari uliyoinunua, nani ana haki ya kuifungua?

MLETA MADA

Wakuu, heshima kwenu. Kila tukilinganisha saa za kifahari za zamani na za kisasa tunaishia kwenye bei na sura. Mimi naomba leo tujadili jambo jingine: ikiharibika, nani anaruhusiwa kuitengeneza?

Nina saa mbili. Moja ni Omega Constellation ya miaka ya 1960 aliyoniachia marehemu baba. Nyingine niliinunua mpya mwaka 2014, ya kampuni kubwa ya Uswisi ambayo sitaitaja, baada ya kujinyima muda mrefu. Siku moja nilizipeleka zote mbili kwa fundi wangu pale Kariakoo, mzee mwenye kimeza cha kioo na lenzi isiyomtoka jichoni.

Alianza na ya baba. Alipofungua mfuniko wa nyuma akanipa lenzi, akasema, "Tazama ndani ya mfuniko." Kulikuwa na mikwaruzo midogo ya sindano: 3-71, chini yake 9-84, kisha herufi mbili na 97. Ni mafundi waliowahi kuifungua, kila mmoja kaacha alama yake. Mzee akaisafisha, akatia mafuta, akabadilisha springi, na kabla ya kuifunga akakwaruza alama ya nne.

Ile mpya aliifungua, akaona ugonjwa wake papo hapo: gurudumu moja dogo limelika meno. Akaniambia, "Kipuri chake kipo, mwanangu, ila mimi hawaniuzii." Ikabidi isafirishwe ng'ambo, ikakaa miezi mitano. Ilirudi inatembea, lakini walikuwa wameing'arisha bila kuniuliza, kona zote zilizokuwa kali zimekuwa laini kama sabuni iliyotumika.

Sisemi saa mpya ni mbovu. Kama mashine, inaishinda ya baba kwa mbali. Rolex ya leo yenye mtambo wa 3235 ikijaa inatembea saa 70, na kiwanda kinaahidi haitapishana zaidi ya sekunde 2 kwa siku. Ya baba inakimbia sekunde 15, kioo chake ni cha plastiki, na nikinawa mikono lazima niivue. Tangu mwaka 2013 Omega wametoa saa inayostahimili sumaku ya zaidi ya gausi 15,000. Ya baba ukiiweka karibu na spika inapagawa.

Ila tazameni ubora huo umetoka wapi. Springi nyembamba inayoyumbisha gurudumu, ambayo ndiyo moyo wa saa, siku hizi katika saa nyingi inatengenezwa kwa silikoni (ile ya chipu za simu, si ile ya mpira). Haishikwi na sumaku, haipati kutu. Lakini ile ya chuma ikipinda, fundi mwenye mkono mtulivu huinyoosha kwa kibano. Ya silikoni hainyooshwi. Inavunjika, na mpya inatoka kiwandani tu. Kwa hiyo kadiri saa inavyozidi kuwa nzuri, ndivyo inavyozidi kumtegemea aliyeiuza.

Haikuanzia kwenye silikoni. Desemba 25, 1969, Seiko waliingiza sokoni Astron, saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi, yaani inayoongozwa na kijiwe kinachotetemeshwa na umeme wa betri, na kwa majira ikaziacha mbali saa za springi. Viwanda vya Uswisi vilifungwa kwa mamia, maelfu wakakosa kazi. Waliosalimika walijua hawawezi tena kuuza majira, wakaanza kuuza fahari. Na anayeuza fahari hataki mkono wa mtu baki uguse mali yake.

Mwaka 2004 vyama vya mafundi saa wa Ulaya vilipeleka malalamiko kwa Kamisheni ya Ulaya kwamba wananyimwa vipuri. Yalikataliwa mwaka 2008, mahakama ikayarudisha mwaka 2010, yakakataliwa tena, na mwaka 2017 mahakama ikaipa ushindi Kamisheni iliyoyakataa. Kati ya hapo, mwisho wa mwaka 2015, Swatch Group, wenye Omega na Longines, waliacha kuwauzia vipuri wafanyabiashara wa jumla, kule ambako mafundi wadogo walikuwa wakinunua. Mimi naona ni dhuluma. Karibuni.

MCHANGIAJI, MOMBASA

Ndugu yangu, uchungu wako nauelewa, lakini hapo sikubaliani nawe. Umesahau vipuri vinavyotumiwa kuundia saa za uongo. Novemba 2021 pale Geneva iliuzwa Omega Speedmaster ya mwaka 1957 kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Mnunuzi alikuwa Omega wenyewe, waiweke makumbusho. Mwaka 2023 wakatangaza kuwa ile saa ilikuwa imeungwaungwa kwa vipande vya saa mbalimbali! Ikiwa mwenye kiwanda ameuziwa, wewe na mimi tutasalimika vipi siku vipuri vikimwagwa sokoni kama njugu?

Tena wengi wetu huku pwani tunaingia nazo baharini. Saa ya kupigia mbizi ikifunguliwa na mtu asiye na mashine ya kupima shinikizo, maji ya chumvi yakipenya haichukui wiki kuoza. Kiwanda kikitaka ifunguliwe na aliyefunzwa, kosa lake liko wapi? Miezi mitano ni mingi, nakubali. Nami hulalamika. Lakini yangu ilirudi na dhamana ya maandishi, na nikizama nayo sina wasiwasi.

MCHANGIAJI, MUSCAT

Assalam alaykum. Mimi naongezea upande mwingine. Huku Oman ziko Rolex za miaka ya 1970 zenye nembo ya khanjar, lile jambia la Oman, usoni, zilizoagizwa kwa ajili ya Sultan Qaboos, naye akiwatunukia watu. Wazee wenye nazo hawathubutu kuzitoa mikononi mwao. Khofu yao ni kwamba ikienda kwa huduma, uso uliofifia unaweza kubadilishwa ukatiwa mpya unaong'aa, na khanjar ikenda na uso wake. Saa itatembea vizuri, lakini ile zawadi imekwisha. Fundi wa mtaani ukimwambia "usiguse uso," haugusi, maana yuko mbele yako.

MLETA MADA

Kaka wa Mombasa, hoja ya bahari nimeipokea. Asiye na mashine ya kupimia asifungue saa ya kuzamia, na fundi wangu mwenyewe huzikataa.

Ila mfano wa Speedmaster unanisaidia mimi. Omega walisema waliohusika ni pamoja na waliokuwa wafanyakazi wao wenyewe. Yaani mlango ulifungwa kwa fundi wa Kariakoo, na mchezo ukachezwa ndani ya nyumba. Basi kumnyima yule mzee gurudumu la meno kumi na mbili kumemzuia tapeli gani?

Sitaki vipuri vimwagwe ovyo. Fundi apimwe, akifaulu asajiliwe, na akitaka kipuri arudishe kwanza kile kibovu ndipo auziwe kizima. Hapo hakuna kinachobaki cha kuundia saa ya uongo. Na kwa alichosema ndugu wa Muscat, mwenye saa aandikishe kisichoguswa, iwe kiwandani au mtaani, na kikiguswa alipwe.

Kinachonisukuma kuliandika hili sasa ni kwamba mzee wangu amepita miaka sabini. Alikuwa na mwanafunzi mmoja tu, kijana mwenye mkono mzuri, akaacha mwaka jana akaenda kutengeneza simu. Alisema kule skrini zinapatikana.

Mfuniko wa saa yangu mpya hauna alama ya mtu yeyote ndani. Ninyi mliowahi kuona saa zenu zikifunguliwa, mlikuta nini kimekwaruzwa humo?